STAA KASUKUMA BAISKELI MLIMA WA LUSHOTO: AIBU IKO WAPI HAPO?

Kuna muigizaji mmoja wa kike, wale wa tamthilia za usiku. Jina libaki kabatini maana wenyewe mnamjua. Wiki hii kachambwa mtandaoni mpaka basi.

Kosa lake? Kaposti klipu fupi akisukuma baiskeli kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto. Jasho linamchuruzika, nywele zimetimka, uso hauna kipodozi hata cha dawa. Chini yake kaandika kwamba hapo miguu imegoma. Ni hivyo tu. Watu wakashuka na mapovu: "Kafulia huyu, gari limeenda wapi?" Mwingine: "Si useme tu umeachwa." Mwingine tena: "Baiskeli inaendeshwa dada, haisukumwi."

Sasa rudi nyuma kidogo. Si muda mrefu, jamaa mmoja wa Bongo Fleva naye aliposti picha na baiskeli kwenye milima hiyo hiyo. Raba nyeupe pee, miwani ya bei mbaya, hana hata tone la jasho. Akamwagiwa mioto na makopakopa, akaitwa mfalme wa mazoezi. Baadaye ikavuja klipu ya shabiki: baiskeli inashushwa kwenye Noah, jamaa anapigwa picha tatu nne, baiskeli inarudi garini, safari imeisha. Watu wakacheka siku moja, yakapita.

Yaani aliyedanganya kapona, aliyesema ukweli kachambwa. Hapo pana tatizo, na si dogo kama linavyoonekana.

Kwa ambao hawajafika kule, Mombo ipo barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, bondeni kabisa, joto lake si la kitoto. Kutoka hapo mpaka Lushoto mjini ni kilomita 33, na unapanda kama mita 1,000 kwenda juu. Piga hesabu: kwa wastani kila kilomita moja unapanda mita 30 hivi. Na huo ni wastani tu, maana kipande cha kwanza mpaka Soni ndicho kikali zaidi. Barabara inafuata bonde la mto. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, kona baada ya kona. Ukidhani umefika juu, unakata kona unakuta mlima mwingine unakusubiri umetulia.

Mtu aliyezoea kuzunguka Dar, mazoezi yake ya baiskeli ni Coco Beach na Kigamboni, tambarare tupu. Mwili wake haujui kupanda saa tatu mfululizo. Hauna aibu hiyo, ni miguu tu haijafundishwa.

Kwa klipu alizoposti mwenyewe siku hiyo, dada alitoka Mombo saa 12 asubuhi na wenzake watatu, mmoja wao fundi baiskeli. Soni wakafika saa 3 na nusu, wakapumzika karibu na maporomoko ya maji, wakala ndizi na mahindi ya kuchoma. Lushoto saa 6 na nusu mchana. Hawakuishia hapo. Wakaenda mpaka Irente, pale kwenye mwamba ambapo ukisimama unaona tambarare yote chini mpaka macho yanaishiwa. Halafu wakageuza, wakashuka mpaka Mombo, wakafika jua linakaribia kuzama. Zaidi ya kilomita 70 kwa siku moja. Kati ya hizo alisukuma vipande viwili, na ni yeye mwenyewe aliyeonyesha. Angekata hivyo vipande kwenye klipu, nani angejua?

Tena kusukuma si uzembe. Mwendesha baiskeli mwenye akili anaweka gia nyepesi kabla mlima haujakaza, anakula kabla hajasikia njaa, na akiona moyo unataka kutokea mdomoni anashuka. Anatembea dakika kumi, pumzi inarudi, anapanda tena. Anayekomaa mpaka miguu inakaza ndiye anaishia kukaa pembeni ya barabara anasubiri lifti ya Fuso.

Kikubwa hasa ni hiki: mlima wa Lushoto hauui kwenye kupanda. Ukichoka kupanda, unasimama. Hatari iko kwenye kushuka. Kilomita 33 za mteremko, kona kali, na mbele yako lori la kabichi au Coaster inayokimbilia abiria. Hapo baiskeli inataka kukimbia yenyewe. Ukibana breki moja kwa moja bila kuachia, ringi zinapata moto, raba za breki zinaisha, na mikono inakufa ganzi. Inatakiwa ubane na kuachia, utumie breki zote mbili, upunguze mwendo kabla ya kona na si ndani ya kona, na kila baada ya muda usimame ringi zipoe. Na uvae jaketi, maana umetoka jasho juu na upepo wa mlimani hauna huruma.

Sasa jiulize. Mtu anayeona aibu kusukuma wakati wa kupanda, si ataona aibu kufunga breki wakati wa kushuka? Kijana anayesoma zile komenti leo, kesho anakwenda kule na washkaji, kamera zimewashwa, hataki kuitwa mlegevu. Atashuka zile kona kama yuko kwenye gemu la simu. Korongo halina laiki wala halijui una wafuasi wangapi. Ndiyo maana hizi komenti si utani tu. Zinamfundisha mtu kuogopa kuchekwa kuliko kuogopa kufa.

Halafu kuna hili la "kafulia". Mjini hapa baiskeli bado inaonekana ni ya muuza maji na mshona viatu. Ukiwa nayo ujue wamekuona umeishiwa. Lakini nenda Usambara uone. Kuna wanaume wanaamka alfajiri, wanafunga viroba vya mboga nyuma ya baiskeli isiyo hata na gia, wanakwenda navyo sokoni. Kwenye mlima wanasukuma, kila siku, mzigo unaning'inia. Hizo karoti na kabichi ndizo zinazopanda malori mpaka Dar, ndizo unazokula na chipsi kuku wako huku unamcheka dada wa watu kwa kusukuma baiskeli tupu. Kwenye klipu moja anasikika mama mmoja muuza matunda akimwambia, "Pole mwanangu, pumzika kwanza." Dada anajibu, "Asante mama, shikamoo." Mama hakucheka. Kwake kusukuma ni njia mojawapo ya kufika.

Wapo wanaosema yote hii ni kiki, kuna tamthilia mpya inakuja au kapata dili la kinywaji. Inawezekana kabisa, mastaa wetu wanafahamika. Lakini hata kama ni kiki, ile mita 1,000 kaipanda kwa miguu yake. Kiki ya jasho ina heshima kuliko kiki ya Noah.

Na kama kuna cha kumsema, kipo, ila wachambaji wote wamekiruka. Kwenye klipu ya karibu na Soni anaonekana kaweka spika za masikioni pande zote mbili, na nyuma yake lori linakuja. Hilo ni kosa. Barabara ile ni nyembamba, masikio yako ndiyo kioo chako cha nyuma. Ukiyaziba kwa muziki, unamwachia dereva wa lori roho yako aamue yeye. Hapo ndipo mtu anayempenda angemwandikia, "Dada, toa hizo spika." Hakuna aliyeandika. Wote walikuwa bize na nywele.

Ushauri kwa dada: endelea kuposti hivyo hivyo, spika tu ziache kwenye begi. Ushauri kwa jamaa wa raba nyeupe: mlima bado upo, haujahama, na pa kuanzia ni Mombo, si mlango wa Noah. Ukifika pagumu shuka, sukuma, wapige wakupige picha.

Wewe je, ukikutana na mlima ule miguu ikagoma, utasukuma mbele ya kamera au utaita gari likufuate? Tiririka hapo chini, ila kabla hujamcheka mtu, tuambie kwanza umewahi kupanda mlima gani.