Usibomoe Bangalo, Vunja Ukuta wa Jikoni

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, kuna watu wanaoamini kwamba jiji ni ghorofa, basi. Bangalo la miaka ya 1950 likiuzwa Milimani, kinachofuata mara nyingi ni tingatinga. Mimi nasema huo ni upotevu, na tuache kuuita maendeleo.

Iangalie nyumba yenyewe kabla ya kuicheka. Paa limetokeza mbele ya ukuta, likazuia jua la mchana na mvua ya Aprili. Madirisha ni mapana, upepo unaingia huku ukitokea kule. Kuta nene za mawe hushika joto mchana na kuliachilia polepole usiku, na Nakuru, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, usiku si mchezo. Yote hayo bila stima. Sisi nasi tunajenga boksi la vioo, kisha tunalia na bili.

Mtaniambia hizi ni nyumba za mkoloni. Kweli kabisa. Milimani ilikuwa ya wazungu. Mwafrika aliishi humo kama mpishi, akilala SQ. Ubaguzi huo umechorwa ndani ya nyumba: jiko limefichwa nyuma kwa sababu aliyepika hakuhesabiwa kuwa mwenyeji. Basi hapo ndipo pa kuvunja! Toa ukuta kati ya jikoni na chumba cha kulia, familia ipike ikipiga stori. SQ iwe chumba cha nyanya, ama ofisi ya anayefanya kazi mtandaoni. Pesa za gipsamu zianze na mabomba na nyaya. Na kama paa ni la asbesto, litolewe na wenye leseni. Hilo halina mjadala.

Eti watu ni wengi, nyumba hazitoshi? Sawa. Lakini ploti nyingi za Milimani ni pana, na sehemu kubwa ni nyasi. Jenga nyuma. Bangalo halijakukataza.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: tunaenda Njoro kulipia tiketi tuone kasri la Lord Egerton, lililoanza kujengwa 1938 likakamilika 1954. La bwana mmoja tumelihifadhi. Lakini Kaloleni na Flamingo, ambako wafanyakazi waliojenga mji huu walilea watoto, tunaziona kama takataka zinazosubiri kuzolewa. Kumbe historia ni ya Lord peke yake?

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 ipo, na majengo yanaweza kulindwa chini yake. Kaunti iorodheshe nyumba hizi kabla ya kutoa kibali kingine cha kubomoa. Na wewe uliyerithi moja, kabla ya kumpigia dalali simu, mpigie fundi.