Mvua ya Songea ni Mvua ya Kariakoo

BARAZANI, na Mwanaidi Kingazi

Januari Kariakoo ni joto, jasho na vumbi la Mtaa wa Msimbazi. Watu wanasema mvua zimekwisha, vuli ndiyo imepita, tungoje masika. Mwezi huohuo Songea, Njombe na Mbeya wako katikati ya masika yao: mahindi yanarefuka, malori yanazama kwenye tope la barabara za vijijini.

Ukanda wa mvua hufuata jua. Kuanzia Oktoba hushuka, ukapita juu yetu na kutupa vuli, kisha ukaenda kutulia kusini. Machi hugeuka kurudi kaskazini, ukapita tena, nasi tukapata masika. Kwa hiyo Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba, Kilimanjaro na Kagera wanalima misimu miwili, ilhali Mtwara, Ruvuma, Iringa, Dodoma na Tabora wana mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, kwingine hadi Mei. Na hao wa msimu mmoja nao hawalingani: Dodoma hupata kama milimita 600 kwa mwaka, Tukuyu hupita 2,000.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inaujua mgawanyo huu vizuri, ndiyo maana hutoa utabiri wa Vuli, wa Masika, na wa Msimu kwa mikoa ya mvua moja. Hizo mbili za kwanza mjini tunazisikiliza kwa sababu tunaogopa mafuriko. Ule wa Msimu ukitoka, karibu na mwisho wa Oktoba, tunaupokea kama habari za mkoani, za wakulima huko. Hapo ndipo tunapokosea, na kosa hili linatugharimu fedha.

Mnunuzi anayefika sokoni Februari na kukuta tenga la nyanya limepanda bei huanza kumnung'unikia mama aliyekaa nalo. Mama huyo hana hatia. Nyanya nyingi tunazokula zinatoka Ilula, mkoani Iringa, na mvua zikikolea huko ukungu huzila shambani kabla hazijaiva vizuri. Zinazosalimika husafiri kwenye barabara mbovu na kuoza njiani. Miezi ya kiangazi wakulima wakimwagilia, bei hushuka. Viazi vya Njombe vina hadithi yao, karoti na kabichi za Lushoto zina yao, na hizo za Lushoto hufuata vuli na masika kama sisi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara ya Lindi ilikatika eneo la Somanga, na mizigo ya kusini ikakwama siku kadhaa. Aliyekuwa akitazama anga la Kariakoo peke yake hakuweza kuelewa kwa nini bidhaa hazifiki.

Wenye maduka ya jumla nao wasidhani hili ni la wauza mboga. Kitenge, viatu, vyombo na simu zinazobebwa kutoka Mtaa wa Kongo na Mkunguni zinanunuliwa na wafanyabiashara wa Songea, Sumbawanga na Mbeya, tena kwa fedha ya mazao. Msimu ukikaa vizuri, mahindi yakavunwa na kupata soko, wateja hao huja na fedha taslimu. Ukiharibika, huja kukopa au hawaji kabisa. Mwagizaji wa mabuti ya mpira na miavuli kutoka China, ambaye mzigo wake huchukua wiki kadhaa baharini, anahitaji utabiri wa Ruvuma na Mbeya kuliko wa Ilala. Akingoja mpaka yeye mwenyewe aloe, amechelewa.

Umeme wa duka lake pia unatoka kulekule. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, liko kwenye Rufiji, na Rufiji hulishwa na Kilombero, na Ruaha Mkuu, na Luwegu inayoteremka kutoka upande wa Songea. Maji ya bomba yanatoka Ruvu, na Ruvu inaanzia milima ya Uluguru. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini imejengwa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku, lakini Oktoba 2022, mvua zilipokuwa haba na mto ukapungua, jiji zima liliingia kwenye mgao. Mama ntilie walibeba ndoo kutwa. Nilisikitika mno kuona watu wakishangaa, kana kwamba ukame ule ulianza siku bomba lilipokauka.

Hata mafuriko yetu yenyewe hayaanzii kwetu yote. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, Kisarawe. Mvua kubwa ikipiga huko, Jangwani hujaa, Barabara ya Morogoro ikafungwa na mabasi ya mwendokasi yakasimama, huku Kariakoo pengine kumenyunyiza tu. Desemba 2011, siku za mvua kubwa kuliko zote tangu 1954, watu zaidi ya 40 walikufa katika jiji hili, wengi wao wakazi wa mabondeni.

Ninachoomba hakihitaji mradi wa mabilioni. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, lilichorwa na msanifu Beda Amuli kwa paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa, ili likinge maji ya mvua. Wasimamizi wa soko hilo waweke ubao mkubwa mahali wanapopita makuli, madalali na wanunuzi, uandikwe tabiri zote tatu mkoa kwa mkoa kila TMA inapozitoa, na chini yake bidhaa zinazotoka kila mkoa. Redio zetu zisome utabiri wa Msimu saa ileile ya bei za mazao. Na wahariri, nikianza na wa gazeti hili, wauweke utabiri huo wa Novemba hadi Aprili ukurasa wa kwanza, na kichwa chake kitaje Songea na Ilula.