Kabla ya kununua mashine ya boti, ulizeni ndugu zake

Kikundi cha wavuvi kikipata mkopo wa mashine, maswali yanayoulizwa kikaoni huwa mawili: farasi wangapi, na bei gani. Mimi nauza spea za mashine za boti hapa Tanga, karibu na mwalo wa Deep Sea, na naomba swali la tatu liyatangulie hayo mawili: mashine hii ina ndugu gani? Siku itakapoharibika, na siku hiyo haikosi kufika, ni mashine ipi nyingine hapa mwaloni inayoweza kuipa impela, ringi, koili au gia?

Marehemu baba alikuwa fundi enzi za Johnson, Evinrude na Seagull, na kwake ndiko nilikojua kwamba jina la kwenye kava halitoshi kukueleza mashine ni nini. Ole Evinrude alianza kuuza mashine zake Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Johnson walikuja baadaye kama washindani. Ilipofika 1936 wote walikuwa chini ya kampuni moja, iliyokuja kuitwa Outboard Marine Corporation, na kuanzia miaka ya 1950 mashine zao ndani zilikuwa kitu kimoja: bloku ile ile, krenki ile ile, giaboksi ile ile. Nje zilitofautiana kava, rangi na stika. Tajiri mmoja anaapa kwa Johnson, mwenzake kwa Evinrude, wanabishana hadi magharibi, na baba anawatengenezea wote wawili kutoka boksi moja la spea.

Undugu huo ulivuka hata ukubwa wa mashine. Koili na pointi zilizokaa chini ya flaiwili, seti hiyo hiyo moja, zilifaa mashine nyingi za kampuni hiyo za miaka ya 1950 na 1960, kuanzia zile ndogo za kubeba kwa mkono hadi za farasi 40. Mwaka 1974 wakatoa mashine ya farasi 9.9 na ya 15 zenye silinda za ukubwa mmoja, jumla sentimita za ujazo 216. Kilichozitenganisha hasa ni kabureta. Kwa hiyo aliyekuwa na 9.9 iliyokufa na 15 iliyopasuka bloku alikuwa na mashine moja nzima, mradi fundi wake ajue.

Kampuni ile ilifilisika Desemba 2000. Mashine zake hazikufa nayo. Zilikuwa nyingi, zimefanana, na viwanda vingine viliona faida kuendelea kuzitengenezea impela, koili na gasketi.

Kwenye pwani yetu leo anayetawala ni Mjapani. Yamaha walitoa mashine yao ya kwanza ya boti mwaka 1960, na hizi Enduro za stroki mbili tunazozifahamu sote, 15 na 40, ndizo fundi yeyote wa hapa anaweza kuzifungua macho yamefumba. Lakini hata Yamaha ana ndugu wenye majina mengine. Mariner nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1970 ni Yamaha zilizopakwa rangi tofauti. Mashine za Nissan zilitengenezwa na Tohatsu, na Tohatsu hao hao wamewatengenezea Mercury mashine ndogo. Siku hizi kuna Parsun kutoka China, ambaye mashine zake za stroki mbili zimefuata vipimo vya Yamaha wa zamani.

Hivi karibuni alikuja kijana kutoka Moa na Parsun ya farasi 15 ambayo ilikuwa haikojoi. Kwa asiyejua: mashine nzima hutoa uzi wa maji pembeni, dalili kwamba pampu inapandisha maji ya kupoza injini. Uzi ukikatika, zima hapo hapo.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa spea yake mpaka iagizwe Dar."

"Marahaba mwanangu. Impela ya zamani unayo?"

Alikuwa nayo, ameifunga kwenye kipande cha kanga. Mabawa mawili yalikuwa yamekatika na mengine yamekakamaa, kazi ya mchanga. Nikatoa ya Yamaha 15, nikaziweka mbili kaunta. Tukahesabu mabawa, tukapima upana, tukalinganisha tundu la katikati na mfereji wa ufunguo unaoishika shafti. Zilikuwa sawasawa. Nikamwambia asiondoke bila kutafuta yale mabawa mawili yaliyokatika, maana yakibaki kwenye njia ya maji yataziba, na impela mpya haitamsaidia kitu.

Kulinganisha kwa macho ni mwanzo tu. Namba za Yamaha zinajieleza zenyewe kwa anayezisoma. Tarakimu tano za katikati zinasema ni kifaa gani: 44352 ni impela, iwe ya mashine ndogo au kubwa. Alama tatu za mwanzo zinasema kifaa kilianzia kwenye mashine gani: 63V ni ukoo wa 15. Ukikuta 63V kwenye spea ya mashine ya toleo jingine, ujue imerithi, na huna haja ya kuuziwa mara mbili kwa majina mawili.

Hapa niseme jambo linalonitia hofu, kwa sababu nimeona bloku zikiharibika kwa ajili yake. Kifaa kuingia hakumaanishi kinafaa. Chukua plagi. Enduro 15 hutumia NGK za aina ya B7HS. Ipo nyingine, B7ES, ambayo uzi wake una upana ule ule wa milimita 14 na inaingia kwa mkono bila kulazimishwa. Lakini shingo ya HS ina milimita 12.7, na ya ES ina 19. Zile sita za ziada zinachomoza ndani ya chumba cha moto, na pistoni ikipanda inazigonga. Herufi moja tu, na mtu amepoteza msimu wa kaskazi. Ndiyo maana sipendi elimu hii ibaki vichwani mwa mafundi wachache wazee. Wakiondoka, vijana watabaki kujaribu kwa kugonga nyundo.

Nawaambia hasa wanaotununulia mashine: halmashauri, miradi, waheshimiwa. Kuna kikundi ninachokifahamu kililetewa mashine nzuri, mpya, za aina ambayo haikuwa na ndugu hata mmoja kuanzia Mkinga hadi Pangani. Ya kwanza iliharibika oili sili ya giaboksi, kitu kidogo kabisa. Spea haikupatikana. Ikafunguliwa ili iwalishe wenzake, kisha ya pili ikafuata njia hiyo hiyo. Wavuvi wanaendelea kukatwa marejesho ya mashine ambazo ziko stoo chini ya turubai.

Najua nitaambiwa kwamba mashine za stroki nne zinakula mafuta kidogo na hazitoi moshi. Ni kweli, na Ulaya na Marekani hawazipokei tena hizi kabureta za stroki mbili zikiwa mpya. Zije hizo nne, lakini nazo zije kwa ukoo mmoja na zije na fundi wake. Nitaambiwa pia kwamba ukoo mmoja utatutia mkononi mwa muuzaji mmoja. Dukani kwangu naona kinyume chake. Impela ya 15 ninayo halisi ya Mjapani na ninayo ya Mchina kwa bei ya chini, na mteja anachagua kwa mfuko wake. Mashine isiyo na ndugu ndiyo yenye muuzaji mmoja, naye hupanga bei apendavyo.

Zabuni za umma haziruhusiwi kupendelea jina la kampuni, na ni haki. Basi isiandikwe Yamaha. Iandikwe kwamba impela, ringi, plagi, koili na gia za mashine itakayoletwa ziingiliane na za mashine zilizopo kwenye mwalo husika, na muuzaji athibitishe kwa orodha ya namba. Afisa uvuvi aibandike orodha hiyo ofisini kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, mahali ambapo nahodha anaweza kuisoma kabla ya kupanda basi kwenda Dar. Ya mashine za 15 na 40 zinazofanya kazi hapa Tanga ninayo tayari, nimeiandika kwenye daftari la kaunta, namba kwa namba. Anayetaka kunakili aje, sitoi bili kwa hilo.