Albamu Isiyo na Jina ni Raha ya Mwenye Jina

Mwaka 1971 bendi ya Uingereza, Led Zeppelin, ilitoa albamu yake ya nne bila jina. Kwenye kava la nje hata jina la bendi halikuwepo. Marekani pekee imeuza zaidi ya nakala milioni 20. Wenzangu wanaopenda muziki wanaisifu sana: huo ndio usanii, kazi ijiseme yenyewe.

Mimi naona hiyo ni raha ya mtu ambaye tayari anajulikana.

Tuje nyumbani. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979. Baadaye nyimbo zake zilikusanywa kwenye santuri zilizoitwa Ukumbusho, zikatofautishwa kwa namba tu. Hazikupotea, kwa sababu jina la Mbaraka lilitosha, na kila wimbo ulikuwa na jina lake. Mtu alisema "niwekee Shida" na ikapigwa.

Sasa njoo kwetu Namawala. Mpunga ukishavunwa, ngoma zinapigwa na simu kibao zinarekodi. Baada ya wiki nyimbo zile zimeenea kwenye memori kadi za kijiji kizima, zikiitwa "Rekodi 014" na "Msanii hajulikani". Hajulikani vipi, jamani? Mama aliyetunga yupo, kesho utampita shambani!

Kuna watakaosema ngoma ni mali ya wote. Kwa zile za mababu, sawa. Ila huu wimbo mpya una mwenyewe. Kijana wa mjini akiuwekea biti na kuuuza, mama atadai kwa ushahidi gani? Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi, lakini swali la kwanza litakuwa: wimbo upi, wa nani, wa lini? "Rekodi 014" haijibu hata moja.

Sisi wa ualimu tunapangiwa vijijini kwa mazoezi ya kufundisha. Wanafunzi wetu kurekodi wanajua. Tuwafundishe na hili: mwombe mtunzi ruhusa, kisha badilisha jina la faili, uandike wimbo, mtunzi, kijiji na mwaka. Ni kazi ya nusu dakika.

Siku mama huyo atakapojulikana kama Mbaraka, akitaka kutoa albamu isiyo na jina, atakuwa amechagua mwenyewe. Kwa sasa tumemchagulia sisi.