Mjomba, Niache Nikate Maboksi

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa likizo kusini, Masasi kwanza, kisha nikapanda Newala kwa bibi. Huko nimefanya kazi ambayo mjomba aliitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema: "Tumekusomesha mpaka Mlimani, leo unakata maboksi?"

Ni kweli, nilikuwa nakata maboksi. Naomba nijitetee.

Kuna mchezo niliojifunza chuoni. Watu wanne au watano wanakaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa wengine ana mhusika wake: mwindaji, mganga, mchuuzi. Msimulizi anasema mmefika mtoni, mto umefurika, mnafanyaje? Unasema unachofanya, unarusha dadu, na dadu ndiyo inaamua kama umevuka au umesombwa. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Ili wachezaji waone mahali walipo, wenzetu hupanga mezani vigae vya mraba vyenye mito, misitu na kuta za mawe. Vinauzwa madukani, na kwa ripota anayeanza kazi kama mimi, seti moja nzuri inameza kodi ya chumba.

Rafiki yangu alinipa vyake vya karatasi, nikawapelekea wapwa zangu. Vilikuwa na ngome, theluji na mahandaki. Yule mdogo akavigeuzageuza, akauliza, "Anko, hapa ni wapi?" Nikakosa jibu. Ndipo tukaamua kutengeneza pa kwetu.

Jamani, vifaa vyote vilikuwepo. Maboksi ya sabuni tuliyapata dukani bure. Tulikata vipande vya mraba, inchi sita kwa sita, ili kipande chochote kikae kando ya kingine. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Magazeti ya zamani tuliyaloweka, tukayatwanga, tukafinyanga majabali ya Masasi, Mtandi na Mkomaindo. (Habari zangu mbili za ukurasa wa tisa sasa ni mlima. Angalau zimepanda.) Kwa ukingo wa Newala tulibandika boksi juu ya boksi, kila tabaka fupi kidogo kuliko la chini yake. Udongo mwekundu wa uani tuliuchekecha na kuunyunyiza gundi ikiwa bado mbichi. Mikorosho ni vipande vya sponji ya kuoshea vyombo vilivyochovywa rangi ya kijani na kuchomekwa njiti.

Tulikosea pia. Boksi lililopakwa gundi upande mmoja linajikunja kama samaki wa kukaanga. Dawa yake ni kubandika karatasi upande wa pili na kulilaza chini ya jiwe usiku kucha. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: unga wa muhogo ni chakula, na panya wanajua. Asubuhi ya tatu tuliamka tukakuta bonde la Ruvuma limeliwa. Tukanunua kopo dogo la gundi ya seremala, na hiyo ndiyo pesa pekee ya maana tuliyotumia.

Siku ya tano tulipanga nchi yote mkekani. Masasi na majabali yake huku, kisha barabara inayopanda, Newala juu, na kule chini Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Nilijisikia fundi. Bibi akatoka jikoni, akafuta mikono, akasimama juu ya kazi yetu.

"Maji yako wapi?"

Nikamwonyesha Ruvuma. Akacheka. "Huo mto wa kwenye ramani, mjukuu wangu. Sisi tulikuwa tunachota wapi?"

Akainama, akaokota njiti ya kiberiti na kuitembeza kutoka kijijini hadi ukingoni, kisha chini, tabaka baada ya tabaka, mpaka bondeni. Akasema waliamka jogoo wa kwanza, wasichana na mama zao, na waliporudi na mitungi kichwani jua lilikuwa limeshapanda. Akataja mahali pa kupumzika. Akataja mahali palipokuwa panateleza. Mimi nilikuwa sina hata kimoja cha vipande hivyo.

Ndugu zangu, hapo nilinyamaza. Nimeshaandika habari za maji ya huku zaidi ya mara moja. Najua kwamba juu ya uwanda huu hakuna mito, maji ya mvua yanazama ardhini na kutokea chemchemi mabondeni. Najua kwamba mradi wa kuyasukuma maji kuyapandisha juu ulianza miaka ya 1950, na kwamba hadi leo watu wengi hujenga visima vya saruji uani kukinga maji ya mvua. Nimeandika maneno ya maofisa. Njia yenyewe, ya nyanya zangu, sikuwahi kuiuliza.

Bibi akatueleza pia kwa nini Wamakonde walikaa mbali na maji. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikawa mwanamke. Watoto waliozaliwa bondeni karibu na maji walikufa, aliyezaliwa juu akaishi, basi wakaagizwa kukaa juu. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliisikia hadithi hiyo na kuiweka katika kitabu chake. Mimi niliisoma kwanza kwa huyo Mjerumani, maktaba ya Mlimani. Aibu iliyoje, na mwenye hadithi yupo jikoni!

Tukakata vipande vinne vipya. Jioni tulicheza, na msimulizi akawa bibi. Kazi ilikuwa moja tu: kupandisha mtungi mpaka nyumbani. Kila tabaka unarusha dadu, ukipata moja mtungi unaanguka. Mpwa wangu wa kike alibakiza tabaka moja, akapata moja.

"Shuka tena," bibi akamwambia.

"Bibi, siyo haki!"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Sasa nirudi kwa mjomba na wenzake wanaosema haya ni mambo ya Wazungu na ya kupoteza muda. Mtoto anayechimba mashimo 32 mchangani na kuyapanga safu nne apate bao la kuchezea, anafanya kazi hiyo hiyo. Wanaochora drafti kwenye boksi na kucheza kwa vizibo vya soda pia. Msimulizi na wasikilizaji wanaojibu tumekuwa nao tangu paukwa pakawa. Kigeni ni zile ngome na theluji tu.

Na walimu wa jiografia wananisikia? Wapwa zangu walikuwa wanakariri kontua bila kuzielewa. Walipobandika maboksi ya ukingo wakaziona: kila tabaka ni mstari mmoja, na mistari ikibanana, ni mahali ambapo bibi alipumzika.

Mtu akinunua nchi iliyokwishachorwa, hapati nafasi ya kuulizwa amesahau nini. Ukiitengeneza mwenyewe, mbele ya wazee, lazima utaulizwa. Ndiyo maana nasema tukate maboksi sasa, wakati wa kutuuliza wangali hai.

Mjomba bado hajakubali. Lakini siku naondoka nilimkuta amechutama mkekani peke yake, anasogeza mkorosho mmoja. Akasema tuliuweka kwenye shamba la watu.

Wewe msomaji, kwenu ungeanza kukata kipande gani? Na kabla hujakata, utamwuliza nani?