Mkaguzi Anakuja, Mama Asije?

Mwezi wa pili nilikabidhiwa barua: kuanzia leo wewe ndiye mwakilishi wa afya na usalama. Sikuomba. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, Mtaa wa Juta, Braamfontein. Tuko watu 26, na Sheria Na. 85 ya mwaka 1993 inasema wafanyakazi wakizidi 20 mwajiri lazima ateue mwakilishi, tena kwa maandishi. Bosi akaangaza macho kwenye meza zetu, akaniona mimi. Nikasaini, nikasahau.

Mpaka Jumatatu moja ikaja simu: mkaguzi wa Idara ya Ajira na Kazi atafika Alhamisi. Tulibahatika, maana sheria inamruhusu kuingia bila kupiga hodi.

Aisee, siku tatu zile! Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na plasta tatu na dawa ya kikohozi iliyokwisha muda wake 2019. Mkiwa zaidi ya 10 lazima mmoja wenu awe na cheti halali cha huduma ya kwanza; wa kwetu alishahamia Cape Town, na cheti chake. Mtungi mmoja wa kuzimia moto tulikuwa tunauegemeza kwenye mlango wa jikoni usijifunge. Nakala ya sheria yenyewe, ambayo inatakiwa iwepo kazini, niliichapa Jumanne usiku.

Jumatano bosi akaniita pembeni. Eti nimwambie yule mama wa usafi kesho asije. Kisa? Mkaguzi asije akaanza kuuliza mambo ya karatasi.

Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa. Sisi tuliokulia Yeoville tunajua: mtu wa serikali akigonga, TV inazimwa na watoto tunanyamaza. Jioni nilimpigia baba, naye akaniambia yaleyale ya siku zote: "Mwanangu, mgeni haulizwi akiwa hayupo."

Mama mwenyewe ni wa Bukavu. Nilimkuta jikoni anakunja matambara, nikaanza kujiumauma, shikamoo mama, unajua kesho... Akanitazama tu.

"Mtoto wangu, kesho nikuye ao hapana?"

Nikamweleza. Hakukasirika. Akatoa kwenye mkoba karatasi yake ya mwomba hifadhi, imewekwa ndani ya plastiki, tarehe bado nzuri, na ruhusa ya kufanya kazi imeandikwa waziwazi. Miaka minne yupo pale na hakuna aliyewahi kumwuliza. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua: mlango wa dharura wa nyuma haufunguki. Yeye ndiye anayeteremsha taka kwa ngazi zile, na tangu maboksi ya mkutano yapangwe pale anazunguka na lifti. Alishamwambia mtu, hakumbuki nani. Nadhani ni mimi.

Nikashuka naye. Nilisukuma mlango kwa bega, wapi.

Mnakumbuka 31 Agosti 2023? Jengo la Usindiso, Marshalltown, si mbali na kwetu, ukishavuka daraja la Nelson Mandela unaingia mjini. Watu 76 walikufa usiku ule, Wamalawi na Watanzania wakiwemo. Simu ya baba haikupoa wiki nzima, watu wa nyumbani wanaulizia ndugu zao. Na mimi hapa nataka kumrudisha nyumbani mtu pekee anayezijua ngazi zetu.

Nilirudi kwa bosi, sauti inatetemeka kidogo, siwadanganyi. Nikamwambia mama atakuja, karatasi zake ziko sawa, na mkaguzi akiniuliza nani anafanya kazi hapa sitamficha. Kifungu cha 26 kinakataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa kumweleza mkaguzi ukweli. Nilikuwa nimekisoma usiku wa kuamkia siku ile, wakati printa inatema kurasa. Bosi akakaa kimya, kisha akauliza maboksi tuyapeleke wapi.

Tulibeba mpaka saa mbili usiku, yeye akiwemo.

Alhamisi akaja dada mmoja mpole mwenye faili kubwa. Aliona mitungi, akaona barua yangu. La cheti cha huduma ya kwanza nililisema mwenyewe kabla hajauliza. Akataka kuona njia ya nyuma. Mama akatangulia, akafungua mlango, wakashuka wote wawili hadi chini. Mimi nyuma yao. Kwenye ngazi ya pili giza totoro: taa ya dharura imekufa. Akaandika. Karatasi hakuuliza za mtu yeyote.

Tumepewa siku 60 kwa taa na cheti. Kozi ya huduma ya kwanza ni wiki ijayo, nafasi mbili: mimi na mama. Fundi wa taa alisema atakuja Jumanne. Leo Ijumaa.