Kipimo cha Sukari Kilindacho Usiku

Mgonjwa wa kisukari akaaye Pugu Kajiungeni, ajihimuye alfajiri na tumbo tupu ili awahi kliniki mjini kabla magari ya Gongo la Mboto hayajasongamana, aghalabu hurejea na tarakimu moja iliyoandikwa daftarini, nayo ni habari ya saa ile tu: haisemi sukari ilikuwaje usiku wa manane, wala itakuwaje baada ya ugali wa jioni.

Hapo ndipo ilipo fadhila ya kile kipimo cha kubandika, chenye ukubwa wa sarafu, ambacho aina yake moja mashuhuri, FreeStyle Libre, iliingia sokoni Ulaya mwaka 2014. Kikiwa kimegandama nyuma ya mkono, hupitisha uzi mwembamba chini ya ngozi na kupima sukari iliyomo katika majimaji ya mwili, mchana na usiku, kwa muda wa siku 14, na habari zake zikasomwa katika simu. Kwa kuwa sukari ya majimaji hayo huifuata ya damu kwa kuchelewa dakika kadhaa, mtu atetemekaye na kutoka jasho, ilhali simu yadai kuwa yu salama, asiiamini simu. Na ajitoboe kidole.

Lakini ninaowafikiria hasa ni watoto wenye kisukari aina ya kwanza, ambao hawana maisha bila sindano ya insulini. Tangu dawa hiyo ilipogunduliwa mwaka 1921, hofu ya mzazi ni ile ile, kwamba ikizidi kidogo sukari huporomoka, na mtoto aliyelala hawezi kusema kuwa anazidiwa. Mama huamka saa nane ya usiku, akampapasa mwanawe kipaji cha uso kama kina jasho baridi, akamulika kwa tochi ya simu, akamtoboa kidole kilichokwisha kuwa sugu, akangoja; tarakimu ikiwa chini ya 4, humwamsha na kumnywesha maji ya sukari. Vipimo vya siku hizi hupiga kengele vyenyewe sukari ishukapo, naye mama akapata kulala.

Kizuizi ni gharama, maana kipimo cha wiki mbili ni vipimo 26 kwa mwaka, mzigo usiobebeka kwa muuza mboga wa Pugu. Wapo wasemao, nao hawakukosea, kwamba zahanati zetu zipate kwanza stripu za kutosha za kupimia damu. Naam, zipate, na upesi. Walakini hilo halimwondolei mtoto haki ya kulindwa usiku. Maadamu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imekwishapitishwa tangu mwaka 2023, nawasihi wenye dhamana ya kupanga kitita cha mafao wawaandike watoto hawa kuwa wa kwanza kupewa kipimo hiki bila malipo.